Ovaloki na cherehani: mwongozo kamili kwa fundi anayeanza kuitumia

Chukua fulana ya dukani, igeuze nje-ndani, uangalie mshono wa ubavuni. Utaona nyuzi zimesukwa kuzunguka ukingo wa kitambaa, na ukingo wenyewe umekatwa sawasawa bila unyuzi hata mmoja kuning'inia. Sasa geuza gauni la kitenge lililoshonwa kwa cherehani peke yake. Mshono umenyooka na umekaza vizuri, lakini kingo ziko wazi, na baada ya kufuliwa mara chache zinaanza kutoa nyuzi mpaka zinaukaribia mshono. Kazi hiyo ya ukingo ndiyo kazi ya ovaloki.

Mafundi wengi wa mtaani hawana mashine hii. Wanashona kwa cherehani, wanabeba nguo hadi kwa jirani mwenye ovaloki, wanalipa kwa kila nguo na kusubiri zamu. Siku fundi anapopata ya kwake, anakuta mashine isiyo na bobini, yenye nyuzi tatu au nne, yenye kisu karibu na sindano, na isiyorudi nyuma. Wengi huiogopa, wakaacha mipangilio ile ile aliyoweka muuzaji na kupiga nayo kila kitambaa. Hilo ndilo linaloharibu kazi. Tutaanza na namna mshono unavyotengenezwa, maana ukishaelewa hapo, mpangilio wa kupitisha nyuzi, mkazo, na hata sababu ya ovaloki kutoweza kuweka zipu, vyote vinajieleza.

Mshono unavyotengenezwa

Cherehani ya kawaida hutumia nyuzi mbili, mmoja wa sindano na mmoja wa bobini. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi wake unaacha kitanzi kidogo chini ya bamba. Chombo kinachozunguka huko chini kinakikamata kitanzi hicho na kukipitisha kuzunguka bobini, na nyuzi mbili zinafungana katikati ya kitambaa. Elias Howe alipata hataza ya mashine ya mshono huu Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akafuata na ya kwake mwaka 1851, na cherehani ya miguu iliyopo kibarazani leo bado inashona vivyo hivyo. Mshono huu ni imara, ni mwembamba, na unaweza kupita popote: katikati ya kitambaa, juu ya mfuko, kandokando ya zipu. Upungufu wake ni kwamba hauvutiki. Ushone shingo ya fulana kwa mshono huo ulionyooka, na uzi utakatika mtu akiingiza kichwa.

Ovaloki haina bobini. Badala yake ina mikono miwili ya chuma iitwayo lupa, ya juu na ya chini, kila mmoja ukiwa na uzi wake kutoka kwenye koni. Sindano inatoboa kitambaa, na inapoanza kupanda, lupa ya chini inapita nyuma yake na kuingia katika kitanzi cha uzi wa sindano. Kisha lupa ya juu inaingia katika kitanzi cha lupa ya chini, inapanda kwa nje ya ukingo wa kitambaa, inafika juu, na sindano inaposhuka tena inachoma ndani ya kitanzi chake. Hivyo uzi wa lupa ya juu unalala upande wa juu wa kitambaa, wa lupa ya chini unalala upande wa chini, viwili vinakutana ukingoni, na uzi wa sindano unavishikilia vyote viwili visibanduke. Kwa kuwa nyuzi hizo zimepishana kwa vitanzi, mshono mzima unaweza kuvutika na kurudi.

Haya yote hutokea baada ya kisu kupita. Kisu kiko mbele ya sindano, kulia, na kinakata kila kitu kinachozidi upana wa mshono. Ndiyo maana ovaloki hufanya kazi ukingoni tu. Haiwezi kuingia katikati ya kitambaa, kwa sababu lupa ya juu inahitaji ukingo wa kuzunguka. Zipu, tundu la kifungo, mfuko wa kubandika, mshono wa juu wa kola: hizo ni kazi za cherehani na zitabaki kuwa za cherehani. Anayetaka kununua mashine moja tu ya kuanzia biashara, anunue cherehani. Ovaloki ije ya pili.

Mashine za kupiga kingo si jambo la jana. Kiwanda cha familia ya Merrow, jimboni Connecticut nchini Marekani, kilitengeneza ya kwake mwaka 1881, kikiwa kiwanda cha vitambaa vya kufumwa vilivyohitaji kingo safi. Ndogo za kutumia nyumbani zilikuja baadaye sana, kutoka Japani, katika miaka ya 1960.

Ukikaa mbele yake, nini kimebadilika

Kwanza mwendo. Ovaloki ndogo ya nyumbani hupiga mishono kama 1,300 hadi 1,500 kwa dakika, na ile ya kiwandani yenye meza yake hupita 5,000. Mguu uliozoea cherehani ya kukanyaga utashtuka. Jizoeze kwanza juu ya mabaki ya kitambaa, ukikanyaga kidogo kidogo, mpaka uweze kuisimamisha pale unapotaka.

Pili, meno ya kuvuta kitambaa yako ya aina mbili, ya mbele na ya nyuma, na unaweza kuyafanya yaende kwa kasi tofauti. Meno ya mbele yakivuta haraka kuliko ya nyuma, kitambaa kinasukumwa pamoja na hakitepeti. Yakivuta polepole, kitambaa kinatandazwa. Hiki ndicho kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote katika ovaloki, na ndicho ambacho wengi hawajawahi kukigusa.

Tatu, uzi. Mita 1 ya mshono wa cherehani hula uzi wa karibu mita 2.5. Mita 1 ya ovaloki ya nyuzi tatu hula karibu mita 14, na ya nyuzi nne karibu 18. Gauni lenye mita 6 za kingo litameza zaidi ya mita 80 za uzi hata ukitumia nyuzi tatu tu. Ndiyo sababu mashine hii hutumia koni, na ndiyo sababu anayepanga bei ya kazi bila kuhesabu uzi hupata hasara asiyoiona. Nunua uzi wa poliesta, mwembamba na laini, usio na vinundu. Uzi mnene unaofaa kwa kitambaa cha jinzi utafanya ukingo wa kitenge uwe mgumu na usugue ngozi.

Nne, sindano. Usidhani ya cherehani itaingia tu. Mashine nyingine za nyumbani hutumia sindano ya kawaida ya 130/705H, nyingine zinahitaji ELx705, na za kiwandani nyingi hutumia DCx27. Aina imeandikwa kwenye mashine au kwenye kitabu chake. Ukikosea, lupa itaigonga sindano au itakosa kitanzi, na mishono itaruka. Kwa ukubwa, namba 11 hadi 14 inatosha kwa karibu kazi zote. Kwenye mashine ya nyuzi nne utaona sindano ya kushoto imekaa juu kidogo kuliko ya kulia. Iko hivyo kwa makusudi, usiisukume.

Nyuzi tatu, nne, au tano

Mashine ya nyuzi tatu ina sindano moja na lupa mbili. Inasafisha ukingo vizuri, na kwa fundi wa vitenge, sare za shule na suruali za kitambaa, ambaye mshono wenyewe anaupiga kwa cherehani, inatosha kabisa.

Ya nyuzi nne inaongeza sindano ya pili, na ile ya kushoto ndiyo inayoushika mshono. Hii inaweza kuunganisha nguo bila cherehani: fulana, suruali za kubana, nguo za ndani, nguo za watoto wachanga. Ukitoa sindano moja inageuka kuwa ya nyuzi tatu, nyembamba ukibakiza ya kulia, pana ukibakiza ya kushoto. Ukitoa sindano, kaza skrubu yake isidondoke ndani ya mashine. Kwa anayenunua mashine moja ya kukaa nayo miaka, ushauri wangu ni nyuzi nne.

Ya nyuzi tano huweka kwa mpigo mmoja mshono wa mnyororo na ovaloki kando yake. Viwanda vya nguo za jinzi na sare za kazi huipenda. Kwa kibanda kidogo ni mashine kubwa mno.

Wateja wengi huuliza pia kuhusu ile mistari miwili iliyo kwenye pindo la fulana. Hiyo si ovaloki. Inatoka kwenye mashine nyingine iitwayo kavastichi, ingawa zipo mashine za nyumbani zinazofanya kazi zote mbili. Usimruhusu muuzaji akuambie kuwa ovaloki yoyote itakupa pindo hilo.

Kupitisha nyuzi

Zima mashine kabisa, usiridhike na kutoa mguu kwenye pedali. Fungua mlango wa mbele. Utaona njia zimepakwa rangi, kila uzi na rangi yake, na mara nyingi mchoro uko ndani ya mlango. Kibano chembamba ni lazima, vidole havifiki. Kisha fuata mpangilio huu bila kuupindua:

1. Inua fimbo ya kushikilia nyuzi hadi mwisho, na uhakikishe kila koni iko chini ya kitundu chake. Fimbo ikiwa chini, uzi unanasa kwenye koni na mkazo unabadilika ovyo.
2. Inua mguu wa kubana kitambaa, na weka vigurudumu vyote vya mkazo kwenye sifuri ili uzi uingie vizuri kati ya visahani vinavyoubana.
3. Pitisha uzi wa lupa ya juu.
4. Pitisha uzi wa lupa ya chini. Hii ndiyo njia ngumu kuliko zote, kwa hiyo zungusha gurudumu la mkono taratibu hadi lupa itokeze upande unaofikika.
5. Pitisha uzi wa sindano ya kulia, kisha wa kushoto.
6. Rudisha mikazo, weka nyuzi zote chini ya mguu kuelekea nyuma, teremsha mguu, na uzungushe gurudumu kwa mkono mara kadhaa. Nyuzi zinapaswa kujisuka zenyewe kuwa mnyororo mwembamba hata bila kitambaa.

Mpangilio huu una sababu. Lupa ya chini inapita ndani ya kitanzi cha sindano. Ukipitisha sindano kwanza, kisha ukaja kupitisha lupa ya chini, uzi wa sindano unakuwa tayari umekaa vibaya juu ya lupa, na mishono michache tu baadaye unakatika. Kwa hiyo uzi wa lupa ya chini ukikatika katikati ya kazi, chomoa kwanza nyuzi za sindano, pitisha lupa upya, kisha rudisha sindano. Fundi anayelalamika kuwa uzi unakatika kila mara, mara nyingi hiki ndicho kinachomsumbua, wala mashine yake si mbovu.

Kubadilisha rangi ni rahisi zaidi. Kata nyuzi za zamani karibu na koni, funga za rangi mpya kwa fundo dogo lililokaza, weka mikazo sifuri, vuta moja moja kutoka upande wa mguu. Fundo la lupa litapita. La sindano usilipitishe tunduni: likifika karibu, kata na uingize uzi kwa mkono.

Na si lazima ubadilishe zote. Kwenye mshono wa nyuzi nne, ni uzi wa sindano ya kushoto tu unaoweza kuonekana kwa nje mshono ukivutwa. Weka koni nyeusi, nyeupe na za kijivu kwa lupa, badilisha huo mmoja ufanane na kitambaa, na kabati lako la uzi halitakufilisi.

Kusoma mkazo

Siku ya kwanza, pitisha nyuzi za rangi nne tofauti, kila rangi ikifanana na njia yake. Shona kwenye kipande cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Kwa mashine nyingi za nyumbani, anza na mkazo wa 4 kwa kila uzi, urefu wa mshono milimita 2.5, na meno kwenye 1, yaani ya mbele na ya nyuma yakienda kwa kasi moja. Sasa angalia.

Mshono ulio sawa unaonyesha rangi ya lupa ya juu kwa juu, ya lupa ya chini kwa chini, na zinakutana ukingoni kabisa. Uzi wa sindano unaonekana kwa juu kama mstari ulionyooka, na kwa chini ni vidoti tu.

Ukiona rangi ya lupa ya juu imeshuka upande wa chini, lupa ya juu imelegea au ya chini imekaza mno. Rangi ya lupa ya chini ikipanda juu, ni kinyume chake. Vuta vipande viwili vya mshono utengane: ukiona ngazi ya uzi katikati, sindano ya kushoto imelegea. Kitambaa kikijikunja ndani ya mshono, lupa zimekaza au kisu kimeacha kitambaa kingi kuliko upana wa mshono. Vitanzi vikining'inia hewani nje ya ukingo, lupa zimelegea au kisu kimekata zaidi ya inavyotakiwa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, nusu namba tu, na ushone tena. Anayezungusha vigurudumu vitatu kwa mara moja hatajua kipi kimetibu. Na kabla hujakaza chochote, hakikisha uzi umeingia kati ya visahani vyake. Uzi ulio nje ya visahani hauna mkazo hata ukiufikisha 9.

Mashine za kiwandani hazina namba. Huko utasoma kwa macho na kwa kidole, ndiyo maana zoezi la rangi nne lina faida zaidi kwa anayezitumia.

Kila kitambaa na mpangilio wake

Kitenge, kanga na pamba nyingine ngumu: meno kwenye 1, urefu 2.5. Hapa mashine haina shida.

Kitambaa cha fulana na jezi: pandisha meno hadi 1.3 au 1.5, na kwa jezi nzito zinazotepeta hata 2. Ukiona mshono unatoka na mawimbi, ongeza. Usivute kitambaa kwa mkono kutoka nyuma, kwa sababu hapo ndipo mawimbi yanapotoka. Tumia sindano ya ncha ya mviringo, ambayo inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni badala ya kuzitoboa na kuacha vitundu.

Shifoni na satini nyepesi: shusha meno hadi 0.7, sindano namba 11, lupa zilegezwe kidogo. Vitambaa hivi hukunjamana mashine ikivisukuma pamoja. Satini, kwa namna inavyotoa nyuzi, ndiyo kitambaa ambacho kwa maoni yangu hakipaswi kabisa kutoka kwa fundi bila ovaloki.

Daima jaribu kwanza kwenye mabaki ya kitambaa kile kile, vipande viwili pamoja ikiwa ndivyo utakavyoshona.

Kushona

Toa pini zote. Kisu kikigonga pini, kitapata pengo, na kipande cha pini kinaweza kukurukia usoni. Kama lazima ubane, tumia vibanio vya plastiki, au weka pini sentimita 3 ndani, sambamba na ukingo.

Anza kwa kusuka mnyororo wa sentimita 5 hivi bila kitambaa, kisha ingiza kitambaa chini ya ncha ya mguu. Usiangalie sindano. Angalia kisu na alama iliyo pembeni yake, kwa sababu kisu kikikosea kitambaa hakirudi. Mikono iongoze tu, meno yafanye kazi ya kuvuta. Hakikisha hakuna sehemu nyingine ya nguo iliyojikunja chini. Mkono au kona ya gauni ikiingia kwenye kisu, imekwenda.

Mwishoni endelea hadi kitambaa kitoke, suka mnyororo mwingine, kata. Kwa kuwa mashine hairudi nyuma, ncha hizo zitafumuka zisipofungwa. Ikiwa mshono mwingine utavuka juu yake, umekwisha kufungwa. Ikiwa hautavuka, chomeka mnyororo kwenye sindano ya mkono yenye tundu kubwa na uurudishe ndani ya mshono sentimita 3. Kuuacha uning'inie au kuuchoma kwa kiberiti si kazi ya fundi: uzi wa poliesta ulioyeyuka unakuwa mgumu na kumkwaruza mvaaji.

Kona ya nje: shona hadi nje ya kitambaa, geuza, anza upya upande wa pili. Kona ya ndani, kama ya shingo ya mraba: ukifika karibu na kona, nyoosha kitambaa kiwe mstari mmoja, mkunjo utakaotokea kushoto uuache, na upite taratibu. Kwa mduara kama pindo la mkono, anzia mahali pasipo mbele ya nguo, zunguka, pita juu ya mwanzo sentimita 2 ukiwa umeinua kisu, kisha toka.

Lini ovaloki iingie katika kushona nguo

Hapa ndipo fundi wa kitenge anapohitaji kufikiri kuliko kiwanda. Kiwanda kinashona saizi, na mshono wake ni mwembamba kwa sababu hakuna atakayerudi kuomba nguo ipanuliwe. Mteja wako atarudi. Atanenepa, atapata ujauzito, atamrithisha mdogo wake. Ndiyo maana unaacha akiba ya sentimita 2 au 3 ubavuni, na ovaloki ikipigwa bila kufikiri inaitupa akiba hiyo yote sakafuni.

Kwa hiyo, mishono ya ubavuni, ya nyuma yenye zipu, na ya makalio ya suruali: piga ovaloki kila kipande peke yake kabla ya kuunganisha, kisu kikigusa nyuzi zinazotoka tu. Kisha shona kwa cherehani na uupige pasi mshono ukiwa umefunguka pande mbili. Akiba imebaki yote, kingo ni safi, na siku ya kupanua unafumua mstari mmoja tu wa cherehani. Sare za shule zishonwe hivi daima, kwa maana mtoto anakua na mzazi amenunua kitambaa kwa shida.

Mishono ya makwapa, kiuno chenye marinda, na pale frili inapoungana na gauni, haifunguliwi. Hiyo shona kwa cherehani, mteja ajaribu nguo, na ikishakubali ndipo upige kingo zote mbili pamoja. Kupiga ovaloki kabla ya kujaribisha ni kufunga mlango wa kurekebisha.

Nguo pana zisizobana, kama dera, zinaweza kuunganishwa kwa ovaloki ya nyuzi nne peke yake ubavuni. Hakuna kinachouvuta mshono, na kazi inakwenda haraka sana. Blauzi ya kubana yenye kitambaa kisichovutika usiifanye hivyo. Mshono wa ovaloki unalegea kidogo ukivutwa, na mteja ataona uzi ukichungulia mgongoni.

Pindo jembamba la mtandio

Ukingo mwembamba uliozungushwa, unaouona kwenye mitandio ya shifoni, unatoka kwenye ovaloki hii hii. Karibu na sindano kuna kijiti chembamba cha chuma ambacho nyuzi hujizungushia ili mshono upate upana. Ukikiondoa au kukirudisha nyuma, kulingana na mashine, uzi unakosa cha kushikilia na kitambaa kinajiviringisha ndani yake.

Toa sindano ya kushoto, ondoa kijiti, weka urefu wa milimita 1 hadi 1.5, kaza lupa ya chini sana na legeza ya juu kidogo. Lupa ya juu inapaswa kufunika ukingo mzima. Shikilia mnyororo wa mwanzo kwa nyuma usitafunwe na mashine, na hapa tu ndipo unaporuhusiwa kukishika kitambaa kidogo mbele na nyuma kikae kimenyooka. Ikiwa vijinyuzi vya kitambaa vinachungulia kutoka kwenye pindo, ongeza kidogo upana wa kukata. Urefu mfupi mno kwenye shifoni hukata kitambaa, na pindo lote linabanduka siku ya kwanza kufuliwa, kwa hiyo anza na 1.5 ushuke taratibu.

Kununua na kutunza

Mashine ya mtumba kutoka Japani hutumia umeme wa volti 100, na ya Marekani 120. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240, kwa hiyo bila transfoma utaiunguza mara ya kwanza unapoichomeka. Soma kibandiko cha mota kabla ya kulipa. Kwa mashine ya meza, uliza mota ni ya klachi au ya sevo. Ya klachi inazunguka na kula umeme muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata unapopanga kitambaa. Ya sevo inazunguka unapokanyaga tu, na ni kimya. Kwa anayenunua umeme wa kulipia kabla, tofauti hiyo inaonekana.

Nenda na mabaki ya kitambaa chako: kitenge, satini na cha fulana. Mwambie muuzaji aipitishe nyuzi mbele yako, kisha ushone mwenyewe. Zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize: lupa hazipaswi kugusana wala kugusa sindano. Kitambaa kikitafunwa badala ya kukatwa, visu, cha juu na cha chini, vimeisha makali. Kisu cha chini kwa kawaida huisha kwanza, kwa hiyo uliza kama cha kubadilisha kinapatikana, na bei yake.

Mashine mpya za kiwandani mara nyingi husafirishwa bila mafuta ndani. Jaza mafuta meupe ya cherehani hadi alama iliyo kwenye kioo chake kabla ya kuiwasha, kwa sababu kwa kasi ile itajisaga yenyewe ikiwa kavu. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi, na ya injini yanachafua kitambaa. Vumbi la kitambaa lisafishwe kwa brashi kila siku ya kazi, hasa chini ya meno na kwenye visu, na usilipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na chuma kitashika kutu. Sindano ibadilishwe kabla haijaanza kuruka mishono, na visahani vya mkazo vipitishiwe uzi mnene mara kwa mara ili kutoa vumbi lililojibana katikati.